Makopo Matatu ya Mwalimu

Asubuhi ile chai ilikuwa na sukari kupita kiasi. Fundi alionja, akakunja uso.

"Mwalimu, sukari imekuponyoka?"

"Kunywa," mkewe akajibu bila kugeuka. "Uso kama huo unahitaji kutiwa utamu."

Alikuwa ameinama dirishani, pua karibu iguse kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo. Akanyoosha mkono nyuma na kuchezesha vidole hewani, kama mtu anayedai chake. Fundi alijua anachotaka. Akatoa futi kamba mfukoni, akampa. Mwalimu akaisimamisha juu ya udongo, akaiondoa, akaisimamisha tena.

"Njoo uone, Fundi."

Fundi akasogea na kikombe chake mkononi. Akatazama kwa makini.

"Naona udongo."

"Vizuri. Ndiyo taarifa ya leo. Udongo."

"Sasa futi kamba ya nini?"

"Ya kesho."

Basi, mazungumzo yao yakaishia hapo. Fundi akamaliza chai yake tamu, akachukua mfuko wa kazi. Alipofika mlangoni Mwalimu akamwita: "Umesahau miwani." Akarudi, akaichukua, akaenda zake.

Mchana jirani alimfuata kwenye kibaraza anaposhonea viatu. Alisimama tu mbele yake, mikono kichwani, na Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake kabla hajaambiwa. Mwalimu alikutwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, viatu kavivua, kavipanga sawasawa pembeni. Daktari alisema ni moyo.

Waliokuja kumpa pole walimuuliza mama kaacha maneno gani. Fundi akawaambia, "Miwani." Wakatazamana. Wakaona huzuni imemvuruga mzee wa watu. Hakuwasahihisha. Tangu ujana hakuwa mtu wa mdomo, na aliyekuwa akimsemea ndiye huyo waliyetoka kumzika.

Walijuana kwa sababu ya sumaku. Mwalimu alikuwa msichana aliyeanza kazi wiki hiyohiyo, kaja kibarazani anachechemea, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Wakati anasubiri, akamwona Fundi akipitisha kipande cha sumaku juu ya vumbi la sakafuni, na misumari midogo ya viatu inarukia na kung'ang'ania kama watoto wanaomkimbilia mama.

"Hiyo naweza kuiazima?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni, kama kawaida yake. Akaitema kiganjani. "Ya nini?"

"Ya darasani."

"Darasani kuna misumari?"

"Kuna watoto."

Sumaku ikaenda shule, ikarudi na mchanga mweusi umeishika kama ndevu. Ikaenda tena, ikarudi. Kila inaporudi Mwalimu alikuwa na habari: leo imevuta hiki, leo imekataa kile, leo mtoto kaiweka kwenye sikio la mwenzake aone kama ina kelele. Fundi akajikuta siku sumaku isipokuja anashona viatu hovyo. Wenzake pale kibarazani wakamchokoza: "Wewe, hiyo sumaku inavuta nini hasa?" Mwisho alichoka kuazimisha, akaoa.

Walioana, wakapata binti, wakazeeka, na bado walikuwa Fundi na Mwalimu. Dada zake Fundi walijaribu kumzoesha wifi yao amwite mumewe Baba fulani, kama watu wengine. Alisema, "Sawa, wifi zangu," kisha akageuka, "Fundi, chakula tayari."

Fundi alimjua mkewe zaidi kwa viatu vyake. Kisigino cha kushoto ndicho kilichokuwa kikiisha kwanza, kwa sababu aliandika ubaoni akiwa kasimama upande, jicho moja kwenye chaki na jingine kwa watoto. Kila kipindi cha mvua alibadilisha kisigino hicho, na hakukumbuka hata mara moja kukigusa kile cha kulia. Siku hizi, viatu vile vikiwa bado pale chini ya dirisha, alikuwa akiviinua na kuvitazama visigino. Kisha anavirudisha palepale.

Shule haikuwa na maabara. Maabara ilikuwa mkoba wa Mwalimu: mishumaa, ndimu, chumvi, kipande cha kioo, makopo ambayo Fundi aliyatoboa matundu chini kwa msharasi wake wa kutobolea ngozi. Na Mwalimu alikuwa na sheria zake. Ukishafanya jaribio, unaandika kwanza tulifanya nini. Halafu tuliona nini. Mwisho kabisa, tena kwa mstari wa peke yake, tunadhani ni kwa nini. Mtoto aliyeandika asichokiona alirudishwa akaone. Na hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka.

"Lakini Mwalimu, kitabu kinasema..."

"Kitabu kilikuwepo hapa jana?"

"Hapana."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa nani atuhadithie?"

Fundi aliyajua haya yote ingawa hakuwahi kukaa darasani, si kwa mkewe wala kwa mwingine. Alishikishwa nyundo akiwa mdogo. Namba alizisoma bila shida, maana viatu vina saizi, lakini herufi zilimpita kushoto. Mwanzoni mwa ndoa Mwalimu alijaribu kumfundisha. Jioni baada ya jioni Fundi alikaa mezani, akakodoa macho, akatoka jasho, akasinzia. Siku moja Mwalimu alifunga kitabu taratibu na hakulitaja tena jambo hilo. Kesho yake, Fundi anakula, yeye akafungua madaftari ya watoto na kuanza kusoma kwa sauti.

Ikawa desturi ya nyumba. Yeye anasoma, Fundi anakula na kutoa hukumu. Hivyo akawajua wanafunzi wote bila kuwaona. Hakujua majina yao. Alimwita kila mmoja kwa jaribio lake. Darasa hili la mwisho lilikuwa na watatu aliowapenda kuliko wote.

Wa kwanza ni Yai. Yai aliandika: "Tuliweka yai kwenye maji, likazama. Tukatia chumvi, likapanda. Tukatia chumvi nyingine, likaelea kabisa. Nilichemsha yai hilo nikala. Ndani halikuwa na chumvi." Fundi alicheka mpaka akapaliwa, Mwalimu akampiga mgongoni huku naye machozi yanamtoka.

Wa pili ni Kivuli. Walitumwa wapime kivuli cha mti wa bendera, lakini mti wa bendera ulikuwa umeng'olewa kwa matengenezo. Akapima kilichokuwepo. "Mwalimu mkuu asubuhi ni mrefu kuliko mwalimu mkuu mchana. Mchana alisogea. Tukamwomba arudi alipokuwa. Alirudi."

"Na kweli alirudi?" Fundi aliuliza.

"Alirudi, akasimama kimya kama mti. Nilipita nikajifanya sikuona."

Wa tatu ni Sisimizi. Huyu alimwaga mstari wa majivu mbele ya sisimizi, akaandika kwamba wote waligeuka, ila mmoja tu alipita. "Hatujui kwa nini. Labda ana haraka." Jioni hiyo Fundi aliacha kutafuna. "Huyo mtoto," akasema, "atafika mbali." Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Mtoto au sisimizi?"

Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu. Shule ilikosa mtu wa sayansi, wakaja kumwomba arudi kidogo, na kidogo hicho kikawa miaka. Jaribio lake la mwisho lilikuwa la maharagwe. Aliwahi kuyaacha darasani wakati wa likizo, panya wakayafukua na kuyala, na watoto waliporudi waliandika kwa uaminifu kwamba maharagwe yakipandwa hugeuka mashimo. Safari hii akasema hapana. Siku ya kufunga shule wakapanda makopo matatu, akayabeba nyumbani mwenyewe.

Baada ya mazishi watu walitawanyika. Binti yao alibaki siku chache, akafua, akapika, akamsihi baba yake waondoke wote.

"Nitakuja," Fundi akasema, na wote wawili walijua kwamba haendi. Walikumbatiana mlangoni, kisha nyumba ikawa yake peke yake.

Hapo ndipo alipoliona kopo la dirishani. Mche ulikuwa umetoka, una majani mawili, na majani yenyewe yamelegea kama mabega ya mtu aliyepokea habari mbaya. Vitu vya shule Mwalimu hakutaka viguswe. "Niachie mwenyewe," ndivyo alivyokuwa akisema. Sasa mwenyewe hayupo. Fundi akachota maji kwa kikombe cha mkewe, akamimina kidogokidogo. Akakaa kitini. Alipotazama tena baadaye, majani yalikuwa yamenyanyuka.

Jioni hiyo alitafuta sukari kabatini, akashika kitu cha baridi nyuma ya unga. Kopo jingine. Humo mche ulikuwa mrefu, mwembamba, mweupe kama mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, umejipinda ukitafuta upenyo wa mlango. "Nani kakufungia humu?" Fundi akauliza, akautoa. Sasa akajua huenda kuna jingine tena, akalikuta juu ya kabati, udongo mkavu umepasuka, hakuna kilichoota. Huyo ndiye aliyemsikitikia zaidi. Akampa kikombe kizima.

Yote matatu akayapanga dirishani. Kila kopo lilikuwa na karatasi imebandikwa, na juu ya karatasi mwandiko wa Mwalimu, ule unaolala kidogo kama majani yanayopigwa na upepo. Fundi hakujua umesema nini. Aliyageuza makopo ili maandishi yamwelekee akiwa kitandani.

Tangu siku hiyo akawa na sababu ya kuamka. Alfajiri kikombe kimoja kwa wote. La mwisho nalo likapasua udongo, likatoa kichwa, na Fundi akajikuta amesema kwa sauti, chumbani peke yake, "Njoo uone, Mwalimu."

Shule ilipofunguliwa, kijana mmoja alisimama mbele ya kibaraza, shati limepigwa pasi, viatu vipya vinambana. Alijitambulisha: yeye ndiye mwalimu aliyeletwa kushika darasa.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Watoto hawaachi kumtaja."

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Wanasema kuna makopo ya jaribio kwako. Kesho nitakuja nao kuyachukua. Wiki hii kila darasa linaonyesha kazi zake kwa wazazi, na hawa hawataki kuonyesha kitu kingine. Ni kazi yake ya mwisho, unajua tena. Ni rahisi tu: la kwanza linapata maji na mwanga, la pili halipewi maji kabisa, ili watoto waone wenyewe kwamba bila maji hakioti kitu, na la tatu linawekwa gizani."

Msumari mmoja nusura Fundi aumeze. Akaitema yote. Alitaka kusema, lakini kijana alikuwa keshampa mkono na keshaondoka, anatembea kwa vidole kwa ajili ya viatu vyake.

Siku hiyo Fundi alifunga kazi mapema. Alikaa mbele ya dirisha. Maharagwe yalikuwa mazuri, hilo lazima liandikwe. Yamenawiri yote matatu. Na kila yalivyonawiri ndivyo moyo ulivyomshuka. Kazi yake yote, ukiacha lile la panya, Mwalimu hakuwahi kuleta jaribio lililoharibika. La mwisho limeharibiwa nyumbani kwake, na mtu aliyekula naye meza moja. Watoto watasimama mbele ya wazazi wao mikono mitupu, na kila mtu atasema, basi, mama wa watu hakumaliza.

Akafikiri. Lile lililokaa juu ya kabati, liking'olewa na udongo ukaanikwa juani, nani atajua? Akanyoosha mkono, akalishika shina kwa vidole viwili. Lilikuwa laini, lina vinyweleo. Punje ile aliizika Mwalimu kwa kidole chake mwenyewe. Fundi aliachia. Akavuta kiti mbali kidogo na dirisha, asije akashawishika tena.

Kesho yake jioni walikuja: kijana yule na watoto watatu waliochaguliwa na darasa. Walivua viatu mlangoni. Fundi, kwa mazoea, akavitazama kabla ya nyuso. Jozi moja ilihitaji soli. Watoto waliingia wamejikunyata, macho yanakimbilia kiti kilichokuwa kitupu, kisha yanakikwepa.

Msichana mrefu ndiye aliyejikaza. "Shikamoo, babu. Sisi ni wa jaribio la..."

"Wewe ndiye wa yai?"

Msichana akaachama. "Umejuaje?"

"Umeingia ukaangalia kwanza chungu kilichoko jikoni."

Mvulana mmoja akafyatua kicheko. Fundi akamgeukia. "Na wewe umempima mwalimu mkuu."

"Alisogea, babu! Wanasema nilikosea, lakini alisogea."

"Najua. Alirudi." Akamtazama wa tatu, kasichana kadogo kaliko nyuma ya wenzake, kanakagua mstari wa nyufa ukutani. Hakuhitaji kuuliza.

Kisha akawaonyesha dirisha, akasema yote kwa pumzi moja kabla hajakosa ujasiri. "Hayo hapo. Hayafai tena. Yote nimeyamwagilia, na la kabatini nimelitoa. Sikujua. Nimewaharibia kazi ya mwalimu wenu. Nisameheni."

Watoto waliyatazama makopo, wakamtazama mwalimu wao kijana. Kijana alikuwa na roho nzuri, na roho nzuri ndiyo iliyomwingiza kwenye kosa.

"Si kitu, mzee, wala usijisumbue moyo," akasema. "Jibu la jaribio hili linajulikana. Watoto, andikeni tu kwamba kopo la pili, la bila maji, halikuota, na la tatu, la gizani, lilibaki jeupe. Ndivyo ingekuwa. Tutachora picha, hakuna atakayejua."

Yai akakuna kichwa. "Lakini limeota."

"Najua limeota."

"Sasa tuandike halikuota, na lenyewe linatutazama?"

"Tunaliacha hapa kwa babu. Halitakuwepo."

"Sisi tutakuwepo," Kivuli akasema. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi: "Mwalimu angeturudisha."

Fundi alishika ukingo wa meza. Kijana alitazama vidole vya miguu yake, vimefinywa na viatu mpaka vikawa vyekundu. Kisha akachuchumaa, akawa sawa kwa kimo na watoto.

"Haya," akasema. "Angewaulizaje?"

"Mlifanya nini," Yai akajibu papo hapo.

"Mlifanya nini?"

"Sisi hatujafanya kitu," Kivuli akasema, tayari kafungua daftari kwenye goti. "Babu ndiye kafanya. Babu, kaa hapa. Ulimwagilia lini?"

Fundi akakaa, kama mtu aliyeitwa mbele ya wakubwa. "Kila alfajiri."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa kikombe."

"Kipi? Tunaweza kukiona?"

Akakileta. Walikipokea kwa mikono miwili. Walikijua, Mwalimu alikuwa akienda nacho shule. Yai akakipima kwa macho, akakirudisha.

"Kopo la pili ulilimwagilia kwa nini?"

"Lilikuwa na kiu."

Kalamu ya Kivuli ikasimama. "Hiyo naiweka kwenye tuliona au kwenye tunadhani?"

"Tuliona," Fundi akasema. "Nililiona."

"Kiu haionekani, babu."

"Inaonekana, mjukuu wangu. Majani yanalegea."

"La pili lilikuwa na majani?"

Fundi akaligeukia kopo. "Halikuwa nayo."

"Basi ni tunadhani," Kivuli akasema, akaandika. Yai alimkonyeza babu, kama kumwambia usimjali, ndivyo alivyo.

Wakati wote huo Sisimizi hakuwa nao. Alikuwa dirishani, pua karibu iguse kopo la tatu, lile la kabatini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, vidole vinachezacheza hewani. Fundi akatoa futi kamba, akampa.

"Babu, hili ulilitoa lini?"

"Siku aliyoondoka binti yangu."

"Lilikuwa limefika hapa." Aliweka ukucha kwenye shina. "Sivyo?"

Wote wakasogea. Chini ya ukucha shina lilikuwa refu, jembamba, rangi imefifia. Juu yake lilibadilika ghafla: likawa nene, fupi, kijani kibichi, na majani yote yalikuwa huko juu. Ungedhani mimea miwili imeungwa na fundi.

"Huku chini ni giza," Sisimizi akasema. "Huku juu ni dirisha. Hapa ndipo mlango ulipofunguliwa."

Kijana akakohoa. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko watoto. "Hili," akasema, "hatukulipanga. Lingebaki kabatini lingekuwa jeupe tu, mwisho wa habari. Tungejua giza linafanya nini. Tusingejua kwamba likitolewa linapona." Akacheka, kicheko cha mtu aliyepoteza ubishi na akafurahi kuupoteza. "Andikeni. Yote. Na haya makopo tunayabeba kama yalivyo."

Wakaandika pale mezani, wakisukumana viwiko. Mahali palipoandikwa tangu siku ya kufunga shule kwamba kopo la pili halitapata maji, Kivuli alipiga mstari mmoja, maneno yakabaki yakisomeka. Fundi aliwachemshia chai. Kwa kuwaza mengine alitia sukari nyingi mno, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Walipomaliza, alisugua mikono kwenye suruali. "Mimi herufi hazinijui," akasema. "Nisomeeni."

Yai akasimama, daftari mbele ya uso. "Tulifanya nini. Tulipanda maharagwe kwenye makopo matatu. Mwalimu aliyapeleka nyumbani. Mwalimu alifariki. Babu aliyamwagilia yote kila alfajiri kwa kikombe cha Mwalimu, na lililokuwa gizani akalitoa. Tuliona nini. Yote matatu yameota. La tatu lina sehemu mbili, ya kabatini na ya dirishani, na mpaka wake unaonekana. Tunadhani ni kwa nini." Hapo akasita. Akamtazama Kivuli, Kivuli akamtazama Sisimizi, na watatu wote wakabana midomo, mabega yanawatikisika.

"Mnacheka nini?" Fundi akauliza.

"Wewe mwambie."

"Sisemi mimi, sema wewe."

"Hapa hatukuandika, babu," Yai akasema, "kwa sababu Mwalimu alishatuambia, siku ile ya kufunga shule, alipokuwa anayabeba makopo. Tulimuuliza kama nyumbani yatakuwa salama, maana panya."

Fundi aliweka kikombe chini. "Aliwaambia nini? Sema kama alivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Yai akafunga daftari. Akaweka mikono nyuma, kama walivyofundishwa kutoa taarifa.

"Alisema: 'Panya hawapo. Ila nyumbani nina fundi mmoja, mtu mwema kabisa, lakini kwa jaribio la maji haaminiki. Akiona kitu kikavu, mkono unamwasha. Basi mkiyakuta yote yameota, msimgombeze. Mwandikeni na yeye.'"